Kilimambogo, Kyanganga, Kalambya: Nani Alisifiwa Kupita Kiasi?

Taja jina la Kakai Kilonzo, kiongozi wa bendi ya Kilimambogo Brothers, mbele ya watu waliovuka miaka hamsini, iwe Wote, Emali, Kitui mjini au Mwingi, kisha ongeza kwamba alisifiwa kupita kiasi. Hawatakuacha umalize. Mmoja atajiunga nawe na kusema fundi halisi wa Ukambani alikuwa Peter Mwambi wa Kyanganga Boys. Mwingine atawakumbusha nyote kwamba wimbo wa Kikamba uliotikisa Afrika Mashariki haukuimbwa na Kakai wala Mwambi, uliimbwa na wanawake wa Kalambya Sisters. Ubishi huo una umri wa karibu nusu karne, na mimi nina upande ndani yake. Naona Kakai anastahili ukubwa aliopewa, ila alipewa kwa nyimbo ambazo si bora kati ya zake. Naona Mwambi amepunjwa. Naona Kalambya wamefupishwa mpaka wakabaki wimbo mmoja. Sababu ya mambo kwenda hivyo haimo katika vidole vya wapigaji peke yake. Imo pia katika redio, katika santuri, katika urefu wa barabara ya kwenda Kitui, na katika kifo cha mapema.

Mashindano ya waimbaji Ukambani ni ya zamani kuliko gitaa. Katika ngoma za vijana kila kikundi kilikuwa na ngui wake, mtunzi aliyeanzisha wimbo na kuubeba hadi mwisho, na kazi yake haikuwa kuburudisha tu. Aliwasuta wachoyo, akawataja waliokosea, akamrushia maneno ngui wa upande wa pili wa mto. Aliyerushiwa asipojibu, watu walijua kashindwa. Nyakati za ukoloni vijana wa Machakos na Kitui walishika mbeni, ngoma ya kuruka na kupinduka angani, na huko nako hakuna kikundi kilichoingia uwanjani bila kujua kinashindana na nani. Pwani nayo, Lamu na Mombasa, vikundi vya beni vilikuwa vimeigawa miji mapande mawili, kila pande na sare yake na mashairi yake ya kumdhili mwenzake. Kwa hiyo benga, muziki wa magitaa, ilipofika Ukambani haikuja na desturi ya ushindani mkononi. Iliikuta ipo tayari.

Benga yenyewe ilitoka Nyanza, kwa Waluo waliohamishia kwenye gitaa namna ya kucharaza nyatiti, ala yao ya nyuzi. Daniel Owino Misiani, aliyezaliwa mwaka 1940 Shirati, upande wa Tanzania, aliisambaza kwa nguvu na bendi yake ya Shirati Jazz. Wakati huohuo, kutoka Kinshasa, kizazi cha Zaiko Langa Langa, bendi iliyoundwa mwaka 1969, kilileta mpigo wa ngoma ulioitwa cavacha, mwepesi na wa kukimbia, ambao ndani ya miaka michache ulikuwa umeshika kila ukumbi wa Nairobi. Vijana wa Ukambani waliyasikia yote mawili mahali pamoja. Nchi yao ilipasuliwa na reli ya Mombasa mwishoni mwa karne ya 19, na miji iliyoota kandokando ya reli hiyo na barabara iliyoifuata, Mtito Andei, Kibwezi, Makindu, Emali, Sultan Hamud, ilikuwa njia ya watu kwenda kutafuta kazi pande zote mbili. Wengine waliingia jeshini na polisi, wengine viwandani Thika na Nairobi, wengine bandarini. Aliyenunua gitaa mjini alirudi nalo nyumbani Desemba, na kijiji kizima kilimsikia.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu walichokifanya Wakamba kwa benga hakijasifiwa vya kutosha na mtu yeyote. Katika benga ya Kikamba gitaa moja hukaa chini, likishika kodi za wimbo. Gitaa la pili hupanda juu kabisa, kwenye nyuzi nyembamba, likizungusha msururu mfupi wa noti za haraka, na kila noti huangukia pale lile la kwanza lilipoacha nafasi. Baada ya dakika moja sikio haliwezi tena kusema sauti ipi imetoka kwa nani. Besi hupita katikati yao ikiongea peke yake. Chini ya yote ngoma ya mguu hupiga bila kuchoka, pigo kwa pigo, sawasawa. Kwa mgeni muziki huu husikika kama kitu kimoja kinachorudiwa. Aliyeuzoea husubiri mabadiliko madogo: gitaa la juu likiteleza noti moja tu nje ya mzunguko wake, wachezaji wote huitika kwa miguu. Benga ya Kiluo ina ukali na mikato, na ya Kikuyu huyatumikia maneno. Hii ya Wakamba huzunguka. Nimeisikiliza miaka mingi na bado sijui muziki mwingine wa Kenya unaoweza kuwa mpole na wa kasi kwa wakati mmoja namna hiyo.

Chombo kilichoubeba muziki huo kilikuwa santuri ndogo ya mzunguko wa 45, na santuri hiyo iliamua mengi. Kila upande ulikuwa na dakika chache tu. Wanabenga wakaigawa kazi: upande wa kwanza maneno, yaani kisa, mtu aliyetajwa, onyo au malalamiko, upande wa pili wimbo uleule ukiendelea, sauti zikapungua na magitaa yakaachiwa uwanja. Anayetaka kujua uzito wa bendi ya Kikamba asisikilize upande wa kwanza. Ageuze santuri. Rekodi zilifanywa Nairobi, na biashara yake ilikaa kwenye maduka ya River Road na vibanda vya karibu na vituo vya basi, ili mtu anayepanda gari la Machakos au Kitui ashike wimbo mpya kabla ya safari. Wengi wa wanamuziki walilipwa mara moja tu mkononi, na ya baadaye yakabaki ya mwenye duka. Chama cha hakimiliki za muziki, MCSK, kiliundwa mwaka 1983, wakati nyimbo nyingi ninazozizungumzia hapa zilikuwa zimeshauzwa na kuisha.

Katikati ya miaka ya 1970 bendi zilijaa. Kulikuwa na Ngoleni Brothers. Kulikuwa na Utanu Brothers. Kulikuwa na Lower Mbooni Boys, waliobeba jina la milima ya Mbooni, ambayo leo ni Makueni. Nasema leo, kwa sababu wakati ule hapakuwa na Makueni kama wilaya. Watu wa Wote, Kilungu, Mbooni na Kibwezi walihesabiwa kuwa wa Machakos hadi mwaka 1992, Makueni ilipomegwa na kuwa wilaya inayojitegemea, na kaunti ikazaliwa katika mipaka hiyohiyo mwaka 2013. Kwa hiyo mwanamuziki wa siku zile akiitwa "wa Machakos" huwezi kujua mara moja alitoka bonde gani. Majina ya bendi yalisema kweli kuliko makaratasi ya serikali, maana kila bendi ilijiita kwa mlima, soko au mto wake, na shabiki aliipenda kwanza kwa sababu hiyo.

Juu ya bendi zote hizo zilisimama tatu.

Kilimambogo Brothers walichukua jina lao kwenye mlima ulio karibu na Thika, na mbele yake wakabandika "Les", kwa mtindo wa bendi za Kikongo zilizokuwa zikitamba Nairobi. Kiongozi wao, Kakai Kilonzo, alizaliwa mwaka 1954, kwa hiyo alipoanza kurekodi alikuwa kijana wa miaka ishirini na kidogo. Sauti yake haikuwa kubwa. Ilikuwa ya mtu anayekusimulia jambo akiwa amekaa karibu nawe, na alijua kuiacha sentensi ikining'inia mpaka gitaa liimalizie. Aliimba Kikamba, lakini aliimba Kiswahili zaidi ya wenzake wote, na nyimbo kama Mama Sofi na Baba Mkwe zikampeleka Kisumu, Nakuru, Mombasa na kuvuka mpaka hadi Tanzania. Wakwe, mahari, ndoa, wanawake wa mjini: mambo ambayo kila kabila lilikuwa nayo nyumbani.

Kyanganga Boys wa Peter Mwambi walikuwa kinyume chake. Mwambi hakuwa na haraka ya kueleweka nje ya Ukambani. Ngoma ya mguu kwake ilikuwa nzito, ikipigwa kama inayotaka kutoboa sakafu, magitaa yakajazana juu yake hadi nafasi zote zikaisha, na sauti ya kurekodi mara nyingi ikatoka na vumbi. Waandishi wa Ulaya waliokuja kuandika juu ya muziki wa Kenya walimlalamikia kwa hilo hilo, wakasema muziki wake umesongamana na unajirudia. Hawakuwa wamekosea kuhusu walichokisikia kwenye spika nzuri za sebuleni. Muziki ule haukutengenezwa kwa sebule. Ulitengenezwa kwa uwanja wa vumbi wenye jenereta linalonguruma nyuma ya jukwaa, mahali ambapo gitaa jembamba lingepotea hewani. Mahali pake, hakuna aliyempita.

Kalambya Boys wa Onesmus Musyoki na Joseph Mutaiti walikuwa wa tatu, na silaha yao haikuwa ya wanaume. Waliwaweka mbele waimbaji wanawake, Kalambya Sisters, wenye sauti za juu, laini, zilizokaribiana hata zikawa kama sauti moja yenye kingo mbili. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wakatoa Katelina. Ni kisa cha msichana anayependa uki, pombe ya kienyeji, na ambaye kila mara anajikuta mjamzito. Kilichekesha, kilishtua, na kiliimbwa na watu wasiojua neno moja la Kikamba zaidi ya jina la msichana. Wimbo ulivuka Ukambani, ukavuka Kenya, ukafika Ulaya.

Sasa tuingie kwenye redio, maana hapo ndipo mizani ilipoinama. Sauti ya Kenya, redio ya serikali, ilikuwa peke yake hewani. Idhaa yake ya Taifa ilitangaza kwa Kiswahili nchi nzima, asubuhi hadi usiku, ilhali lugha kama Kikamba zilipewa saa zake chache tu. Wimbo wa Kikamba, hata uwe bora namna gani, uliishi ndani ya saa hizo. Wimbo wa Kiswahili uliofanywa na bendi ileile, kwa magitaa yaleyale, uliweza kuchezwa wakati wowote na kusikika Lodwar. Mwaka 1980 ilitolewa amri kwamba robo tatu ya muziki wa redio iwe ya Kenya, na kwa muda mfupi ilionekana kama bendi za aina hii zimefunguliwa mlango, lakini amri haikudumu. Kakai aliusoma mpangilio huo wa redio kabla ya wengine. Sisemi alikuwa mjanja kwa ubaya. Alitaka kusikika, na alikuwa na kipaji cha kusimulia kwa Kiswahili chepesi chenye ladha ya kwao. Ila matokeo yake ni kwamba Kenya ilimjua kwa nusu ya kazi yake, na kwa maoni yangu nusu iliyo nyepesi.

Sikiliza mwenyewe. Katika nyimbo zake za Kiswahili maneno ndiyo yanayoongoza, na magitaa yanakaa nyuma kwa adabu ili kisa kieleweke. Kiswahili husimama kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kila neno lina kituo chake, na wimbo unalazimika kukanyaga vituo hivyo. Kikamba kina irabu zinazofuatana bila konsonanti kati yake, na mwimbaji anaweza kuzivuta, kuzikunja, kuzitelezesha juu ya mpigo na kurudi chini anapotaka. Kakai akiimba Kikamba anafanya hivyo hasa. Gitaa la juu linamfuata, linamtangulia, linamjibu. Hapo ndipo alipokuwa mkubwa. Anayemwita mkubwa kwa sababu ya Baba Mkwe peke yake amemsifu mtu anayestahili kwa ushahidi dhaifu, na mpinzani wake akiupinga ushahidi huo anadhani amempinga Kakai.

Mwambi alipunjwa na redio, lakini hakupunjwa nyumbani. Ili kuliona hilo lazima uangalie ramani. Kitui ina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 30,000, na sehemu kubwa yake ni nyika yenye watu wachache. Makueni ni kama 8,000. Katika sensa ya mwaka 2019 Kitui ilikuwa na watu wapatao milioni 1.14 na Makueni 988,000. Miaka ya 1970 walikuwa wachache zaidi, na barabara za lami zilikuwa chache mno. Bendi iliyotaka kupiga Mutomo au Mwingi ilipakia vyombo kwenye gari la mizigo, na jenereta juu yake, na ikasafiri kutwa. Umeme ulikuwa wa mjini. Ilikuja mwisho wa mwezi, mishahara ilipotoka, au Desemba, wenye kazi Nairobi na Mombasa waliporudi. Watu wa mji mdogo wangeweza kuisubiri bendi moja mwaka mzima. Ikipiga usiku kucha hadi jua kuchomoza, usiku huo ulihesabiwa katika umri wa mtu. Bendi zilizopendwa katika hali hiyo zilikuwa zile zenye nguvu ya kumaliza usiku, na pumzi ya kupiga wimbo mmoja kwa nusu saa bila wachezaji kukaa. Kwa kipimo hicho Kyanganga walikuwa wa kwanza, na wazee wa Kitui wanaosema hivyo hawamwonei Kakai wivu. Wanapima kitu kingine.

Dar es Salaam ubishi wa namna hii ulienda tofauti, na tofauti hiyo inafundisha. Msondo, bendi iliyoanza mwaka 1964 ikiitwa NUTA Jazz, na Mlimani Park, yaani Sikinde, iliyoundwa mwaka 1978, zilikaa mji mmoja. Shabiki aliweza kuwasikia wote wawili ndani ya juma moja, akalinganisha, akabadili mawazo, na hata waimbaji walihama kutoka huku kwenda kule. Hassan Bitchuka aliimba pande zote mbili. Sifa zilipimwa kila Jumamosi. Ukambani mlinganisho ulifanywa kwa kumbukumbu: Kakai wa redioni dhidi ya Mwambi wa usiku ule mmoja wa Desemba. Hakuna mizani inayoweza kuvipima vitu hivyo viwili kwa haki, ndiyo maana mabishano hayaishi.

Halafu ukaja ukame. Wakamba huzipa njaa zao majina, na ile ya mwaka 1984 huitwa Nikw'a Ngwete, nitakufa nikiwa nimeshika, maana watu walikuwa na pesa mkononi na chakula hakipo madukani. Mwaka kama huo hakuna anayelipa kiingilio cha dansi. Bendi ndogo zilizokuwa zikiishi kwa viwanja vya vijijini zilivunjika, na zile zenye jina Nairobi zikapona, kwa kuwa zilikuwa na wanunuzi wa santuri mahali pengine. Hili halitajwi sana na mabingwa wa ubishi, lakini liliongeza pengo. Bendi ya Kiswahili ilikuwa na akiba ya wasikilizaji katika nchi nzima. Bendi ya Kikamba ilikaukiwa pamoja na mashamba ya waliokuwa wakiipenda.

Kaseti ilimaliza kazi. Santuri ilikuwa vigumu kuinakili; kaseti ilihitaji redio yenye matundu mawili na mtu asiye na haya. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 nyimbo zilikuwa zikinakiliwa kwenye vibanda kabla ya bendi kupata shilingi, na biashara ya santuri Nairobi ikaanza kufa. Kakai Kilonzo alifariki mwaka 1987 akiwa na miaka 33. Alikufa akiwa juu. Hakuna aliyemsikia akizeeka kwenye kinanda cha umeme, hakuna aliyemwona akipiga mbele ya viti vitupu. Waliobaki waliendelea na jina la Kilimambogo kwa muda, na wenzake wa bendi nyingine waliokuwa hai walilazimika kupita katika miaka migumu ya kaseti wakisikilizwa na kuhukumiwa kila siku. Kifo cha mapema hakimwongezei mtu kipaji, lakini humwondolea miaka mibaya, na lazima tukumbuke hilo tunapomweka Kakai kileleni na wengine chini yake.

Kalambya waliumizwa na kitu kingine kabisa: ushindi wao wenyewe. Katelina ilikuwa kubwa mno. Kila ukumbi uliitaka, kila mkusanyiko wa nyimbo uliichukua hiyo, na kazi nyingine za Musyoki na Mutaiti zikasukumwa pembeni. Wako wanaosema bendi hii imesifiwa kupita kiasi, kwamba ni kichekesho kimoja chenye sauti nzuri. Siwakubalii. Waondoe wanawake, sikiliza magitaa ya Kalambya Boys peke yake katika upande wa pili wa santuri zao, na utasikia gitaa la juu lililosafishwa kuliko la Kilimambogo na lenye mwanga kuliko la Kyanganga. Kama ningelazimika kumpa mgeni santuri moja ya Kikamba ili aelewe magitaa mawili yanavyofumana, ningempa ya Kalambya, na isingekuwa Katelina. Ajabu ya wimbo huo ni kwamba uliwafanya wanawake, waliokuwa wakiimba nyuma ya wanaume katika bendi nyingi, kuwa sura ya muziki wa Ukambani kwa wasikilizaji wa mbali, na kwa wimbo ambao mwanamke mwenyewe ndiye anayechekwa. Waliuimba kwa huruma kiasi kwamba Katelina anapendwa na kila anayemsikia.

Redio zilipofunguliwa na vituo vya lugha za kienyeji kuanza katika miaka ya 2000, Musyi FM na Mbaitu FM zikakifanya Kikamba kuwa lugha ya kutwa nzima. Kipimo kilichompunja Mwambi kiliondoka, lakini kwa kuchelewa mno kumsaidia. Waliofaidi ni wapya: Kativui Mweene, Alex Kasau Katombi, Ken wa Maria, ambaye Fundamentals yake ilipenya hadi vilabu vya Nairobi, na baada yao Maima. Hawakuhitaji Kiswahili ili wafike mbali, na mashabiki wao wanabishana kama babu zao, kwa ukali zaidi pengine, kwa sababu sasa kila mtu ana namba za watazamaji za kunyooshea kidole. Mtindo umebadilika. Mpigo unakimbia, nafasi ya magitaa imerefuka, na katika nafasi hiyo mwimbaji huwataja watu kwa majina: mfadhili, mwenye matatu, mwenye hoteli ya Kibwezi, rafiki aliye ughaibuni. Wapo wanaoona utajaji huo umeua utunzi. Mimi naona ngui wa zamani angeuelewa mara moja, kwa sababu naye aliishi kwa kutaja. Kilichopungua kweli ni lile gitaa la juu lenye subira. Kasi imelifanya likimbie hadi mzunguko wake unakuwa ukungu, na katika hili wapya wanasifiwa kuliko wanachostahili.

Mwaka 2008 Ketebul Music ya Nairobi, chini ya Tabu Osusa, ilitoa kazi yake ya kufuatilia mdundo wa benga, na watu wengi waliozaliwa baada ya santuri kufa walipata kusikia kwa mara ya kwanza jinsi mambo yalivyoungana kutoka Nyanza hadi Ukambani. Lakini urithi wenyewe umegawanywa bila usawa. Nyimbo za Kiswahili za Kakai zimetolewa tena na tena, kwenye kaseti, kwenye diski, na sasa kwenye simu, kwa hiyo kila kizazi kinazikuta. Nyimbo nyingi za Mwambi na za Kalambya zimebaki kwenye santuri zilizochakaa majumbani mwa watu na kwenye masanduku ya wakusanyaji wa Ulaya, na hata sehemu kubwa ya Kikamba cha Kakai mwenyewe iko humohumo. Kijana wa Mwingi anayeambiwa na babu yake kwamba Kyanganga walikuwa wakubwa hana pa kuthibitishia, ila nakala yenye mikwaruzo ambayo mtu fulani aliipakia mtandaoni usiku mmoja. Wimbo ule ukianza sauti imefifia, ngoma imemezwa na kelele za sindano, na dakika mbili za kwanza ni maneno. Inabidi asubiri hadi upande wa pili.